Kiwanda Kinachojifunza

Lipangalala, Ifakara
9 Juni 2024

Dada Restuta,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, kaa chini kwanza. Anayekuandikia barua hii ndiye mtu mwenye akili kuliko wote kuanzia Kidatu mpaka Mlimba, na kama ningekuwa na nauli ya treni ningeenda kupimana na watu wa Makambako pia. Mashine iliyowatoa jasho watu wenye shahada, mimi nimeielewa nikiwa nimesimama nje ya dirisha, mkononi nina kipande cha muwa. Wewe una kidato cha sita na Roho Mtakatifu. Mimi nina kidato cha pili na macho. Tutaona nani atafika mbali.

Nyumbani wazima. Mama anauza vitumbua vyake stendi na amenenepa, ila usimwambie nimesema. Mafuriko ya mwaka huu umeyasikia. Maji ya mto Lumemo yaliingia mpaka jikoni, tukapandisha kuku darini, na jogoo mmoja akakataa kushuka wiki nzima, akawa anawika huko juu kama katekista. Sasa maji yamekwenda zake na watu wanavuna. Baba mzima, anakusalimu. Anauliza kama huko mlimani, kwenye unovisi mnakolelewa kuwa masista, wanawapa blanketi moja au mbili.

Haya, habari yenyewe. Mzee Kassian amenunua kinu kipya cha mpunga. Ile mashine ambayo Baba ameiendesha miaka ishirini na saba, iliyokuwa ikiwashwa vikombe vinacheza mezani mpaka kwa jirani, imekatwa imeuzwa chuma chakavu. Hiki kipya kimetoka Vietinamu. Kirefu kama kanisa la kigango, kina rola za mpira za kumenya mpunga, kina jicho la kuona punje nyeusi na kuipuliza nje. Punje moja moja, dada! Kimekuja na fundi wake, Bwana Thanh, mtu mdogo mpole, na mkalimani wa kutoka Dar anaitwa Eveline, amesomea utalii. Bwana Thanh anaweza kuongea dakika tano nzima, anachora ubaoni, anaonyesha kwa vidole, anafuta jasho. Eveline anageuka anasema, "Anasema muwe makini."

Mafunzo yalikuwa siku tatu, kwenye chumba kipya cha mikutano hapo hapo kiwandani, mlango umefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Unadhani walioingia ni nani? Waendesha mashine? Thubutu! Aliingia Nickolaus, mtoto wa Mzee Kassian, ambaye ndiye meneja. Akaingia shemeji yake Nickolaus. Akaingia mhasibu. Akaingia na jamaa mmoja ambaye mpaka leo hakuna anayemjua, ila alikula sahani mbili. Sisi wa mashine tuliambiwa malori ya Mchombe yamefika, tukashushe magunia, wakubwa wakishaelewa watatuelewesha. Siku ya tatu Bwana Thanh hata hajamaliza habari ya rola, pilau ikaingia. Watu wakagawiwa vyeti, wakapiga picha, wakala. Fundi wa watu amebaki na chaki mkononi.

Ukutani wamebandika bango la bluu: SISI NI KIWANDA KINACHOJIFUNZA. Nimelisoma kila nikipita na gunia begani. Kiwanda ni mabati na saruji, sasa mabati yanajifunzaje? Wanaojifunza ni watu, na watu walikuwa nje wanashusha mpunga.

Ila mimi nilijua dirisha lilipo. Kila nikipita pale nilikuwa natembea kama mtu mwenye mguu mbovu. Jioni Bwana Thanh akibaki peke yake na kinu, mimi ndiye niliyekuwa namshikia spana. Lugha hatuna, lakini mikono yake haihitaji Eveline.

Jambo la mwisho, na hili halichekeshi sana. Mzee Kassian ametangaza kwamba mwisho wa Septemba kila mwendesha mashine atapimwa mbele ya kinu kipya. Atakayeweza kukipanga mwenyewe anabaki. Asiyeweza anakwenda nyumbani, awe amekaa miaka mingapi. Baba alikuwa amesimama karibu yangu. Aliokota punje sakafuni, akaing'ata, akasema, "Huu haujakauka," akaenda zake.

Injinia Beatus Severini
(bila cheti)


Nyumba ya Unovisi, Mahenge
30 Juni 2024

Mdogo wangu Beatus,

Marahaba, Injinia. Barua yako imechukua wiki mbili na zaidi. Nadhani imelala chini ya kiti cha gari la parokia, maana imefika inanuka dizeli. Hapa Mlezi wetu husoma barua zote kabla hatujapewa. Alipoirudisha ya kwako aliniuliza, "Huyu mdogo wako anaumwa?" Nikamjibu ndiyo, tangu azaliwe.

Mwambie Baba blanketi ni mbili, na ya tatu ukiomba kwa unyenyekevu. Mwambie Mama sijambo. Niko jikoni na Sista Bernadetha, ambaye ndiye mnunuzi wa chakula cha nyumba. Kazi yangu kubwa ni kuchagua mchele, na kila nikikuta jiwe nawakumbuka ninyi wa kiwandani. Nadhiri zangu za kwanza, Mungu akipenda, ni tarehe 8 Desemba. Siku hiyo mzazi humshika binti mkono mpaka mbele ya altare. Ndiyo siku pekee tunayoruhusiwa ndugu mwaka huu. Namtaka Baba, na umwambie mapema.

Sasa tuje kwako. Umeandika kurasa nne. Nickolaus amepata ukurasa mzima, jogoo amepata mistari kadhaa, na Baba umemweka mwishoni anang'ata punje. Beatus, Baba ana miaka hamsini na nane. Unyevu wa mpunga anaupima kwa meno, mashine ikiumwa anaisikia kwa sikio, na tangu nimjue sijaona akikosea. Lakini kinu kipya hakina haja na meno yake. Rola anatakiwa azipange kwa mkono, na mafunzo hayakumwita.

Kwa hiyo nijibu swali moja tu, mengine endelea kujisifu upendavyo: nani anamfundisha Baba?

Dada yako,
Restuta


Lipangalala, Ifakara
21 Julai 2024

Dada Restuta,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama alipata homa siku mbili, akanywa dawa, siku ya tatu akarudi stendi kugombana na wauza maji. Baba mzima. Juzi tumekula samaki, mbasa wa Kivukoni, mkubwa, kichwa tumemwachia Baba kama kawaida. Wewe je, simu huikumbuki? Unalia usiku, au mmekatazwa hata kulia?

Dada, ungekuwepo ungevunja ukimya wa unovisi kwa kicheko. Nickolaus amepelekwa Vietinamu. Wiki tatu! Kuchota ujuzi, wanasema. Amerudi na tai, chupa ya chai inayoonyesha joto kwa taa, na picha mia nne. Nimeziona zote, alitukalisha. Katika kila picha amesimama mbele ya mashine iliyozimwa, kidole gumba juu. Kisha akatuhutubia.

"Kule wenzetu," akasema, "sakafu ya kiwanda unaweza kulia ugali."

Nikanyoosha mkono. "Bosi, rola wanaziachanisha kiasi gani wakimenya mpunga wa Supa?"

"Kule wenzetu hawaulizi maswali ya namna hiyo."

"Wanauliza yapi?"

"Mfumo, Beatus. Wanauliza mfumo."

Watu wakatikisa vichwa. Mfumo! Hata yule mzee wa kushona magunia akatikisa kichwa, na yeye hasikii vizuri.

Kitabu cha mashine kipo. Kimefungiwa kabatini, na ufunguo anao mke wa Mzee Kassian ili kisichafuke. Niliomba kukiona, nikaambiwa ninawe mikono. Nikanawa. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Nimenawa Jumatatu tatu sasa, mikono yangu misafi kuliko ya padri. Tena wameweka na sanduku la maoni, lenye kufuli, ili kiwanda kijifunze kutoka kwa wafanyakazi. Nikaandika karatasi, "Ufunguo wa sanduku hili umepotea," nikaitumbukiza. Nasubiri majibu.

Kati ya sisi wote, aliyeelewa kinu kidogo ukiniondoa mimi ni Adolf wa Malinyi. Ameondoka. Kampuni moja ya upande wa Mlimba imesikia kuna mtu anakijua kinu cha Kivietinamu, ikamchukua siku hiyo hiyo, ikamtumia na gari. Mzee Kassian alikasirika mpaka akapaliwa. Akasema hatamfundisha mtu tena, anayefundishwa anahama. Kama vile Adolf alifundishwa na yeye!

Kwa hiyo nimebaki mimi. Peke yangu. Nikueleze siri, ila Mlezi wenu akisoma hapa afumbe macho. Rola zikikaribiana sana mchele unavunjika unakuwa chenga. Zikiachana sana mpunga unapita na maganda yake. Bwana Thanh alikuwa na vibati vyembamba vya kupimia nafasi ile, akaondoka navyo. Nickolaus hakuviona, alikuwa anapiga picha. Mimi niliviona, nikavishika, nikatafuta kitu chenye unene ule ule. Unajua nini? Ni kile kigamba cha plastiki kinachobaki ukishabandua laini ya simu! Kinaingia katikati ya rola kinabana vizuri kabisa. Nakiweka kwenye soksi. Nikitaka kupanga rola nawaambia wote watoke wakalete maji. Wakirudi, mchele unateremka mrefu, mweupe, mzima. Wanasema nina dawa ya babu. Waache waseme.

Mzee Kassian, ambaye miaka mitatu yote alikuwa ananiita "wewe," Jumanne ameniita Beatus. Akanipa soda. Baridi. Akaniuliza, "Kijana, unahitaji nini?" Nikajibu nitafikiria. Nickolaus alikuwa amesimama pale na tai yake, hajapewa soda.

Uliuliza habari za Baba. Baba mzima.

Profesa Beatus


Mahenge
18 Agosti 2024

Beatus,

Marahaba. Namshukuru Mungu Mama amepona. Huku ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi, na nimejifunza kuoka mkate bila kuunguza upande mmoja. Umeuliza kama nalia. Hilo halimo katika barua hii.

Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta Baba. Nimemkuta baada ya soda.

Umemcheka sana mke wa Mzee Kassian kwa kufungia kitabu kabatini. Wewe umekifungia kwenye soksi. Tofauti naiona ni harufu tu.

Ulipoacha shule, nani alikutaka? Mjomba alisema uende ukachunge, Mama alilia. Baba akakuchukua akakupeleka kwa Mzee Kassian akasema, "Huyu nitamfundisha mwenyewe, msimlipe mpaka ajue." Akakukalisha juu ya gunia akakutafunisha mpunga mwezi mzima. Wa Mchombe, wa Mngeta, mbichi, uliokauka, uliolala na mvua. Ulirudi nyumbani fizi zinavuja damu unalalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nakuchemshia maji ya chumvi, usinifanye nisahau. Hakukuambia utoke ukalete maji ndipo ang'ate.

Zimebaki wiki sita. Keti naye. Mpe kigamba, mwonyeshe, mwache afanye yeye ukiwa unamtazama. Usiniandikie tena habari za tai ya Nickolaus kabla hujafanya hivyo.

Restuta


Lipangalala
15 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Nimepata yako, ina maneno makali kwa mtu anayejiandaa kuwa mtakatifu. Mama anakusalimu. Kuku wameongezeka. Jogoo wetu amekamatwa na kicheche, Mungu amlaze pema.

Kazi ni nyingi ajabu, msimu umekolea, magari yanapanga foleni mpaka barabarani. Wiki iliyopita walikuja wanunuzi wa Dar, watu wa miwani, na Nickolaus akaamua awaonyeshe mwenyewe anavyokiendesha kinu. Nilikuwa nashona gunia, sikuitwa. Akavaa kofia ngumu. Akawaambia, "Hapa tunatumia mfumo." Akakaza rola mpaka mwisho, anadhani ni bomba la maji. Dada, kilichoteremka siyo mchele, ni uji mkavu. Chenga tupu! Mnunuzi mmoja akachota kiganjani akauliza, "Hii ni ya kuku?" Nickolaus akasema mpunga wa mwaka huu ni mbovu kwa sababu ya mafuriko. Mzee Kassian akanitafuta kwa macho. Nikanyanyuka taratibu, nikajipangusa vumbi, nikawaambia wakalete maji. Wote. Mpaka wanunuzi wa Dar walitoka nje, na miwani yao! Dakika kumi baadaye mchele unateremka kama shanga. Ungeona nilivyotembea kurudi kwenye gunia langu.

Na unadhani wamejifunza? Kesho yake wameitana kikao. Kikao kimeamua bango lichapishwe upya, kubwa zaidi.

Baba yupo. Amechukua daftari lako la zamani la hisabati, anaandika andika humo. Usiwe na wasiwasi na mtihani, ni wa kitoto. Tupo, tutaona.

Beatus


Mahenge
20 Oktoba 2024

Beatus,

Mtihani ulikuwa mwisho wa Septemba. Leo ni tarehe 20 na hujaandika.

Juma lililopita Sista Bernadetha alishuka Ifakara kununua mchele hapo kiwandani kwenu. Amerudi na magunia sita na ujumbe mmoja. Ujumbe amepewa na mzee aliyemkuta getini, nje ya geti, anasubiri ruhusa ya kuzoa pumba za kuchomea matofali. Sista anasema mzee huyo aliposikia kwamba yeye anatoka Mahenge alivua kofia. Anamwomba Restuta atafute baba mdogo wa kumshika mkono tarehe 8 Desemba, kwa kuwa yeye hana nguo ya kuvaa.

Baba ana suti. Naijua. Ndiyo niliyoipiga pasi mwenyewe wiki niliyoondoka.

Kwa hiyo sikuulizi kama alishindwa. Nakuuliza kitu kimoja, nawe usianze na kuku. Alikuomba umfundishe?

Restuta


Lipangalala, Ifakara
10 Novemba 2024

Dada Restuta,

Shikamoo. Mama mzima. Kuku sitawataja.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ilikuwa ya kuchekesha, nilimweka Nickolaus tangu mstari wa kwanza. Nimeichana.

Nikueleze kwanza hiyo siku. Waliweka meza mbele ya kinu, wakatandika kitambaa. Akakaa Mzee Kassian, Nickolaus, shemeji, na yule jamaa wa sahani mbili. Hao ndio watahini, dada! Hakuna hata mmoja kati yao anayejua rola inazungukia upande gani. Mimi niliitwa wa kwanza, nikamaliza kabla hawajafungua maji ya kunywa. Wakapiga makofi. Wakaitwa wengine, wakababaisha babaisha. Wawili wakapita kwa sababu walisema "mfumo" mara nyingi.

Kisha wakasema, "Severini." Mzee Severini hawakusema. Severini.

Baba alikuwa amevaa shati lake la kwenda kanisani. Akasogea, akatia mkono kwenye mpunga, akang'ata punje mbili. Akasema, "Huu una maji bado. Msiukoboe leo, utawaharibikia." Nickolaus akacheka. "Mzee, kinu kina kipimo." Kipimo kikasema umekauka. Basi wakamwambia apange rola. Baba akazigusa, akainama, akaweka sikio. Kinu kilikuwa kimezimwa, dada. Alikuwa anasikiliza chuma kilichonyamaza, maana ndivyo anavyojua kuanza. Watu wakaanza kucheka, kuanzia mezani mpaka kwa wabeba magunia.

Mimi nilicheka pia. Si sana. Lakini nilicheka, na aliniona.

Alisogeza gurudumu la rola kidogo huku, kidogo kule. Akasimama. Akasema, "Nimeshindwa, Mzee Kassian," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua. Akaenda ukutani akachukua kofia yake kwenye msumari wake.

Na mpunga ule ulikuwa na maji. Waliukoboa, wakaujaza magunia themanini, siku nne baadaye umevunda unanuka ghala zima. Nilikwenda kukiangalia kipimo. Kimewekwa kwenye mahindi! Kipimo kina sehemu ya kuchagua nafaka, na tangu Bwana Thanh aondoke, mtu alikigusa akakiacha kwenye mahindi, na kiwanda kizima chenye vyeti ukutani kimekuwa kinapima mpunga kama mahindi. Walikuwa na meno ya Baba, wakayatoa nje ya geti. Sasa wanasema magunia yalinyeshewa na mvua. Mvua ipi, mwezi wa kumi huo? Wajinga. Wajinga wa kuzaliwa, wa kusomeshwa na wa kupelekwa ng'ambo kwa ndege.

Unaona ninavyofanya. Naweza kuendelea hivi mpaka karatasi iishe.

Ndiyo. Aliniomba.

Aliniomba mara tatu. Mara ya kwanza ni Julai, Jumapili baada ya misa. Alivuta kigoda akakaa, ana lile daftari lako, penseli ameichonga kwa panga. Akaniita Fundi. Hajawahi kuniita hivyo, mimi ni Beatus tu, au "wewe mtoto." Akasema, "Fundi, nionyeshe ile ya rola." Nikamwambia, "Kesho, Mzee." Akaitikia, "Sawa, Fundi," akabaki amekaa pale kidogo, kisha akaandika tarehe tupu kwenye daftari, bila kitu cha kuandika chini yake.

Mara ya pili ni kiwandani, Agosti, barua yako ilikuwa bado iko njiani. Alikuja nikiwa na wenzangu. Alikuja vizuri tu, kwa adabu, kama anayekuja kwa mkubwa. Nikasema kwa sauti, ili wasikie, "Hii siyo ya meno, Mzee." Walicheka sana siku ile. Nilijisikia vizuri, nisikudanganye.

Mara ya tatu ilikuwa siku mbili kabla ya mtihani. Barua yako ya kuniambia niketi naye ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimejilaza kitandani mchana, sina kazi, kinu kilikuwa kinasafishwa. Akasimama mlangoni, hakuingia. Nyumba ni yake, lakini hakuingia. Akasema, "Fundi, kama una nafasi." Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaniuliza kama nimekunywa dawa. Nikasema nimekunywa. Akanifungia mlango taratibu ili nilale.

Kichwa hakikuwa kinauma. Kumfundisha ni dakika kumi, na kwa mtu kama yeye, labda tano.

Nilikuandikia kwamba kazi ni nyingi. Haikuwa nyingi hivyo. Sikusahau, na wala hakuna aliyenikataza, Mzee Kassian hakuniambia neno. Ni kwamba kila kinu kilipokwama watu wote walikuwa wanageuka kuniangalia mimi, na yeye pia alikuwa anageuka kuniangalia mimi. Nilijua akishajua tu, watamwangalia yeye. Sikutaka tuwe wawili.

Beatus